Jinsi ya kumwachia nyota wa timu aondoke ili ubaki na madogo wako (kwa viongozi wa timu ndogo za Moshi na Arusha)

Kila msimu ukikaribia kuisha simu yangu haipoi. Katibu wa timu ya Himo, kocha wa Boma Ng'ombe, mwenyekiti wa Sombetini kule Arusha, wote swali ni lile lile, "kaka kuna timu kubwa inamtaka straika wetu, tukimwachia tutashuka, tukimbakisha hatuna hela ya kuwalipa wengine, tufanyeje?" Nimejibu hili swali kwa simu mpaka koo limekauka, bora niliandike lote mara moja.

Mimi nimekaa kwenye uongozi wa timu hapa Moshi misimu 11, misimu 8 kati ya hiyo nikiwa mweka hazina. Msimu mmoja tulikataa ofa ya mshambuliaji wetu kwa sababu mashabiki walikuwa wanaimba jina lake pale uwanja wa Ushirika na sisi viongozi tukaogopa. Msimu huo huo beki wetu wa kushoto wa miaka 18 akahamia timu nyingine kwa sababu ya nauli tu, nauli jamani, kipa namba mbili akaacha mpira akaenda kuendesha bodaboda, kiungo mmoja akaacha kuja mazoezini kimya kimya na hakuna aliyemfata kwao kumuuliza. Alafu mkataba wa yule mshambuliaji ukaisha akaondoka bure. Wote wanne wakaenda na hatukupata hata mia. Bado inaniuma, ndo maana naandika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usinyanyue simu kumpigia kiongozi wa timu nyingine kabla hujaweka hivi mezani:

- Mkataba halisi wa nyota wako, wenye saini, na nakala yake. Picha iliyopigwa kwa simu ikaishia kwenye grupu la WhatsApp haitoshi.
- Mikataba au fomu za usajili za wachezaji wote, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya walio chini ya miaka 18.
- Kumbukumbu za usajili wa miaka ya nyuma, mchezaji gani aliingia lini na alikuwa na umri gani. Utaona kwenye hatua ya 6 kwanini hiki ni dhahabu.
- Akaunti ya benki yenye jina la timu na saini za watu wasiopungua wawili.
- Muhtasari wa kikao cha kamati unaosema tumekubali kumuuza, kima cha chini ni hiki, na wanaoruhusiwa kuongea kwa niaba ya timu ni fulani na fulani.
- Tarehe za dirisha la usajili (kipindi ambacho wachezaji wanaruhusiwa kuhama) la msimu huo. Ulizia chama cha mpira cha mkoa au TFF (shirikisho la mpira nchini), usikariri za mwaka jana.
- Wakili wa siku moja. Ukikosa, mtu yeyote anayejua kusoma mkataba mstari kwa mstari na asiyekuwa shabiki wa hiyo timu inayonunua.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya madogo kwanza

Wengi wanaanza kwa kujiuliza nyota ana thamani gani, wanakosea mlango. Anza na hawa unaotaka kuwabakiza. Chukua daftari, andika majina ya vijana ambao ukiwapoteza utalia baada ya miaka miwili, wasizidi sita, alafu mbele ya kila jina andika kinachoweza kumfanya aondoke. Uwe mkweli. Huyu nauli kutoka Himo, huyu njumu zimetoboka, huyu mama yake anataka amsaidie genge sokoni, huyu yupo kidato cha nne na baba yake haoni faida ya mpira.

Sasa weka namba. Huu ni mfano tu, wewe weka za kwako. Nyota anakula posho ya 350,000 kwa mwezi, chumba mmempangia Majengo 80,000, chakula na mengineyo 70,000, jumla laki 5. Dogo mmoja nauli na chakula 3,000 kwa siku, mazoezi siku 5 kwa wiki, kwa mwezi ni kama 60,000, muongezee posho ya 40,000 inakuwa laki 1. Kwa hiyo nyota mmoja ni madogo watano. Hapo hata ada ya uhamisho hujaigusa, ni ile laki 5 yenyewe inayobaki kila mwezi akiondoka.

Fanya kwa msimu mzima wa miezi 10. Milioni 5. Ada ya uhamisho ikija inaongezeka juu yake.

Angalizo: usiweke matumizi mengine kwenye hii hesabu. Deni la jezi, basi la kwenda Babati kwenye mechi, vyote hivyo vina mahali pake. Ukichanganya, hela ya madogo italiwa na mafuta ya basi, nimeshuhudia.

Hatua ya 2: Angalia mkataba wa nyota umebaki mda gani

Sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji kuanza kuongea na kusaini na timu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi 6. Kwahiyo kama umebaki miezi 8 huna mchezaji wa kuuza, una miezi 2 ya kuuza. Wanunuzi wanajua hilo kuliko wewe, watakuzungusha, leo bosi kasafiri, kesho kamati haijakaa, mpaka siku zifike.

Wakati mzuri ni dirisha kubwa (la kabla ya msimu) ambalo mkataba bado una mwaka mmoja au zaidi. Ukikosa hapo, muongezee mkataba kwanza kwa makubaliano kwamba ofa ikija ya kiasi fulani mnamwachia. Wachezaji wengi wanakubali hilo kwa sababu na wao wanataka mlango ulio wazi.

Soma na vipengele vya kuvunja mkataba. Mnakumbuka sakata la kiungo Feisal Salum na Yanga? Desemba 2022 alitangaza kuondoka akiamini amefata kipengele, Yanga wakasema hapana, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, miezi ikapita bila yeye kucheza, mpaka 2023 timu zikakaa akaenda Azam. Timu kubwa ile yenye wanasheria, bado kipengele kimoja kiliwasumbua nusu msimu. Wewe kipengele chako kiandike kwa maneno ambayo hata mama wa mchezaji akisomewa ataelewa.

Na kama hakuna mkataba wa maandishi kabisa? Hapa niseme ukweli ambao wengi hawaupendi: mchezaji wa ridhaa (asiye wa kulipwa) asiye na mkataba huwezi kumdai mtu ada ya uhamisho kama unauza ng'ombe. Unachoweza ni kukaa na timu inayomchukua mkubaliane kwa maandishi vifaa, mechi ya kirafiki au shukrani ya pesa. Usimfungie barua yake ya kuachiwa kabatini. Unamharibia kijana maisha, na wazazi wengine wote wa mtaa wataona, hutapewa mtoto tena.

Hatua ya 3: Kaa na nyota na familia yake kabla ya kuongea na mtu mwingine

Nenda nyumbani kwao. Usimuite ofisini, usimtumie meseji. Mimi huwa naenda jioni na kocha, watu wawili tu, tunaamkia, tunakunywa chai, alafu ndo naongea. Maneno yangu huwa haya: "Mzee, shikamoo. Mtoto wako amefika mahali sisi hatuna uwezo wa kumlipa anachostahili. Kuna timu zinamuulizia. Tunataka aondoke vizuri, na akiondoka vizuri wadogo zake pale timuni nao watapata nauli. Tunaomba baraka yako."

Na ni kweli, kwahiyo sema bila kuzunguka. Baba mmoja wa Kibosho aliniuliza, "sasa hao wadogo zake ni kina nani?" nikamtajia majina mmoja mmoja, kumbe mmoja ni mtoto wa jirani yake. Kuanzia siku ile yule mzee akawa anatusaidia yeye kumtuliza mwanae kwenye mazungumzo.

Muulize nyota pia anataka kwenda wapi, maana kuna timu zitatoa hela nzuri alafu zimkalishe benchi msimu mzima. Asipocheza, ile asilimia utakayoidai kwenye hatua ya 5 haina maana.

Hatua ya 4: Andika bei tatu

Bei ya kuanzia, bei ya kukubali, na bei ambayo chini yake mnanyanyuka mezani. Hiyo ya tatu inatoka kwenye hatua ya 1, yaani ni kiasi kinachotosha kuwabakiza madogo wako msimu mmoja na nusu. Wajue watu wawili tu. Mwanachama mmoja akiropoka kijiweni, kesho yake mnunuzi anayo.

Hatua ya 5: Majadiliano

Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea kwahiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, pesa taslimu mbele. Timu ndogo haina uwezo wa kusubiri. Mfano wa kila mtu nchi hii ni mshambuliaji Emmanuel Okwi, Januari 2013 Simba walimuuza Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, pesa ikawa haiji, kesi ikafika FIFA, na Desemba mwaka huo huo Okwi akaibukia Yanga huku Simba bado wanadai. Hao ni Simba. Wewe wa Pasua au Unga Ltd utaidai na nani? Kama lazima iwe awamu, basi awamu ya kwanza iwe zaidi ya nusu, iingie kwenye akaunti kabla barua ya kumwachia haijatoka mkononi mwako, na zinazobaki ziwe na tarehe kamili na adhabu ya kuchelewa. "Awamu ya pili italipwa hali ikiruhusu" sio tarehe.

Pili, asilimia ya mauzo ya baadae, yaani timu inayomnunua ikimuuza tena nanyi mnapata fungu. Hii watu wanaiacha mezani kila siku kwa sababu haionekani leo. Mwangalie mshambuliaji Mbwana Samatta, alitoka African Lyon akaenda Simba, 2011 TP Mazembe, Januari 2016 Genk ya Ubelgiji, Januari 2020 Aston Villa. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi karatasi zilisainiwa baada ya pale alipoanzia. Omba asilimia 20, wakikushusha usishuke chini ya 10, na iandikwe inahesabiwa kwenye pesa yote au kwenye faida tu, kwa sababu tofauti yake ni kubwa sana.

Tatu, vitu visivyo pesa. Timu kubwa ina njumu, mipira, jezi za mazoezi za msimu uliopita, physio (mtaalamu wa kutibu majeraha). Ina wachezaji vijana wasiopata nafasi ambao inaweza kukupa kwa mkopo huku mshahara ikilipa yenyewe. Na inaweza kuja kucheza kirafiki Ushirika au uwanja wa Sheikh Amri Abeid Arusha, viingilio vikawa vyenu. Mechi moja ya hivyo ikiandaliwa vizuri Jumamosi inalipa nauli za madogo miezi mingi. Ila tarehe iandikwe kwenye mkataba, ahadi ya mdomo ya mechi ya kirafiki sijawahi kuiona ikitimia.

Angalizo: hela isipite kwenye simu ya mtu. Hata katibu awe mwaminifu kiasi gani. Iende akaunti ya timu moja kwa moja, basi.

Hatua ya 6: Linda haki yako ya mafunzo

FIFA ina utaratibu wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa bado unaendelea, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa timu zote alizosajiliwa kuanzia mwaka wa kalenda aliotimiza miaka 12 mpaka aliotimiza miaka 23. Mwaka wa umri wa 12 hadi 15 kila mmoja unapata asilimia 0.25 ya ada nzima, wa 16 hadi 23 kila mmoja asilimia 0.5.

Tuseme ulikuwa nae miaka minne, ya umri wa 14, 15, 16 na 17. Ni 0.25 mara mbili na 0.5 mara mbili, jumla asilimia 1.5. Akiuzwa huko mbele kwa dola 200,000 wewe unapata dola 3,000. Haijalishi umemuuza wewe au ameuzwa na timu ya tatu baada yako. Kuna na fidia ya mafunzo, inayohusu mchezaji anaposajiliwa kama wa kulipwa kwa mara ya kwanza, au anapohamia timu ya nchi nyingine kabla mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23 haujaisha.

Yote haya yanategemea kitu kimoja, kwamba dogo alisajiliwa rasmi kwako. Kucheza mchangani na jezi yako miaka minne bila kuingizwa kwenye mfumo wa usajili ni sawa na hakuwahi kuwepo. Kwahiyo wasajili madogo wako mwaka huu, wote, hata yule wa miaka 12 anayechezea viatu vya kaka yake.

Hatua ya 7: Pesa ikiingia, sainisha madogo kabla ya kutangaza

Mpangilio huu usiubadilishe: pesa inaingia, wiki hiyo hiyo madogo wanasaini, ndipo mnatangaza kwamba nyota ameondoka. Ukitangaza kwanza, kila mtu anajua mna hela na kila timu jirani inajua mnayumba, wanakuja na 50,000 na pea ya njumu wanakuchukulia wawili.

Walio chini ya miaka 18 mzazi au mlezi lazima asaini, na sheria za FIFA haziruhusu mkataba wao kuzidi miaka 3. Wakubwa mwisho miaka 5. Kwa dogo wa miaka 16 mimi napendelea 2, na kipengele kwamba posho inapanda akifikisha mechi kadhaa timu ya wakubwa. Waandikie na shule. Kama yupo kidato cha tatu au cha nne, ratiba ya mazoezi iheshimu mitihani, mzazi akiona hicho kimeandikwa anasaini haraka kuliko ukimuonyesha hela.

Usiwape hela yote kwa mkupuo. Tenga pesa ya miezi yote 10 kwenye akaunti, uwe unatoa kila mwezi tarehe ile ile. Njumu nunua mwenyewe ukiwa na dogo, soko la mitumba la Memorial ukiwahi asubuhi siku wanapofungua marobota unapata pea nzuri kwa bei ya kueleweka. Baada ya mazoezi wapikieni, sufuria la machalari (ndizi na nyama) halina gharama kubwa huku kwetu na mtoto aliyeshiba anarudi kesho.

Hatua ya 8: Usinunue nyota mwingine

Fupi tu. Mtaumia wiki sita za kwanza, mtafungwa, wadau watakuja na jina la mshambuliaji wa Tanga "bei poa". Kataeni. Mkimchukua mmerudi hatua ya 1 na hela ya madogo imekwisha.

Mambo yakikwama

Timu imemchukua nyota bila kuwasiliana na nyinyi. Kama mkataba upo, andika barua kwao, nakala chama cha mkoa, kisha peleka shauri TFF. Usiende kugombana redioni kwanza. Nyaraka zako zikiwa kamili wengi wanarudi mezani wenyewe.

Nyota amegoma kuja mazoezini ili mumwachie haraka. Mpigie mzazi uliyekunywa nae chai. Andika barua za kumuita, tunza nakala. Usikate posho bila kufata mkataba, ukiacha kumlipa miezi miwili mfululizo unaweza kumpa yeye sababu halali ya kuvunja.

Mdau anadai asilimia, "mimi ndo nilimnunulia njumu tangu mdogo." Mshukuru kwa dhati, mkaribishe kwenye mechi, lakini asilimia hapana. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa tatu kumiliki haki za uhamisho za mchezaji. Mwonyeshe hilo kwa upole, mbele ya mashahidi.

Mzazi wa dogo hataki kusaini. Usimlazimishe, kawaida anaogopa mkataba utamfunga mtoto. Ongeza kipengele kwamba akipata nafasi ya masomo ya mbali anaachiwa bila malipo. Nimekiandika kwenye mikataba mingi, kimetumika mara moja tu, na yule kijana sasa akija likizo anatufundishia makipa.

Awamu ya pili ya pesa haijaja. Barua ya madai siku ya kwanza baada ya tarehe kupita, usisubiri mwezi. Ikifika siku 30, peleka malalamiko TFF. Posho za madogo zisisimame, ndo maana nilisema awamu ya kwanza izidi nusu.

Dirisha limefungwa na usajili wake kule haujakamilika. Hii inatokea sana kwa karatasi kuchelewa siku ya mwisho. Maliza yote wiki moja kabla. Ikishatokea, mwache afanye mazoezi na nyinyi mpaka dirisha dogo la katikati ya msimu, na mkubaliane kwa maandishi nani anamlipa posho hiyo miezi, maana kila upande utasema ni mwingine.

Nyota anataka kurudi. Inawezekana na sio aibu, Clatous Chama alitoka Simba 2021 akaenda RS Berkane ya Morocco na Januari 2022 alikuwa tena Msimbazi. Ila kabla ya kumjibu fungua lile daftari la hatua ya 1. Posho atakayolipwa isiguse laki moja moja za wale madogo watano, na kama nafasi yake ameshaichukua dogo, mwambie mapema, aje akijua anagombania namba.